Sekunde Saba za Mtu Mwingine

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na ahadi hiyo bado ipo, lakini leo naomba tuiweke kando kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka 2024. Linahusu muziki, linahusu msimbo, na linahusu mzee mmoja wa Bungoma niliyemkosea.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mchana mimi ni mtengenezaji wa programu hapa Kitale. Nina chumba kimoja nyuma ya kisiagi, na msimu wa mavuno ukifika katika Trans Nzoia, kisiagi hicho hakinyamazi mpaka jioni. Ndiyo maana kazi yangu nzuri huifanya usiku. Na usiku huohuo, nikichoka na msimbo, hufungua LMMS, programu ya bure ya kutengenezea muziki, na kujaribu kutunga drum and bass, ambayo sisi mashabiki tunaiita DnB.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia: DnB ilizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ngoma zake hukimbia, mapigo kama 170 hadi 175 kwa dakika. Tuchukue 174. Hiyo ni pigo moja kila milisekunde 345! Ukiisikia mara ya kwanza utadhani mtu ameangusha sufuria kwenye ngazi. Lakini kuna tawi lake lililonyonya maziwa ya soul na jazi, na hilo ndilo lililonikamata mimi. Katika tawi hilo ngoma zinakimbia, ila besi na kinanda havina habari na mbio hizo. Vinatembea nusu ya mwendo, mapigo 87 kwa dakika, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka shambani. Sikio lako ndilo linaloamua lifuate lipi.

Nilikutana na muziki huu chuoni mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na flashi ya GB 8 yenye folda iliyoandikwa USIFUTE. Usiku mmoja nikitafuta kosa katika kazi ya darasani (lilikuwa nukta mkato, kama kawaida) niliifungua. Wimbo wa kwanza ulikuwa Horizons wa mtu anayeitwa LTJ Bukem. Nilisikia vinanda vinavyoelea, halafu sauti ya mwanamke akisema shairi, halafu ngoma zikaingia. Kosa nililipata saa kumi alfajiri. Wimbo huo nilikuwa nimeurudia sijui mara ngapi.

Huyu Bukem ni nani?

Jina lake halisi ni Daniel Williamson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1967. Jina la jukwaani limetokana na msemo wa askari kanzu katika tamthilia ya zamani ya televisheni ya Marekani, Hawaii Five-O. Alisomea piano ya kiklasiki, akiwa kijana akapenda jazi iliyochanganywa na funk, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 akaamua kuwa DJ. Hapo tayari unaona tofauti. Wengi waliingia katika sherehe zile za usiku kucha kwa mlango wa mashine. Yeye aliingia akiwa na vidole vinavyojua piano.

Mwaka 1991 alianzisha lebo yake, Good Looking. Mwaka 1992 ikatoka Demon's Theme, mwaka 1993 Atlantis na Music, na mwaka 1995 Horizons. Ile sauti ya mwanamke niliyoisikia hosteli ni ya Maya Angelou, kutoka shairi alilolisoma mwaka 1993 Bill Clinton alipoapishwa kuwa rais wa Marekani. Fikiria safari hiyo: kutoka jukwaa la kuapishwa rais Washington, hadi santuri ya London, hadi flashi ya mwanafunzi wa Kenya.

Mwaka 1994, yeye na DJ mwingine, Fabio, walianzisha usiku wao wa muziki ulioitwa Speed, katika klabu ndogo ya Mars Bar katikati ya London. Muziki mwingi wa jamii hii wakati huo ulikuwa mkali, na wao walitaka mahali pa kupigia ule wa upole. Mwaka 1996 akakusanya kazi zake na za watungaji wenzake katika Logical Progression. Baadaye akazunguka dunia na mwenzake wa kipaza sauti, MC Conrad, katika maonyesho yaliyoitwa Progression Sessions. Na albamu yake mwenyewe je? Journey Inwards ilitoka mwaka 2000. Miaka tisa baada ya kuanzisha lebo! Sisi tunaotaka kutoa toleo la 1.0 wiki ya pili tuna la kujifunza hapo.

Mashine zenyewe

Najua wengi wenu mnataka kusikia habari za vyombo. Watungaji wa enzi zile walitumia kompyuta kama Atari ST kupanga noti, na sampla, yaani mashine ya kunasa kipande cha sauti na kukipiga tena kama kinanda. Sampla maarufu ilikuwa Akai S1000 ya mwaka 1988. Ilikuja na kumbukumbu ya MB 2. Hebu tupige hesabu: sauti ya ubora wa CD, upande mmoja, inakula sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti 2 kila sampuli, yaani baiti 88,200. Gawanya MB 2 kwa hiyo. Unapata karibu sekunde 23 tu, za wimbo mzima: ngoma, besi, kinanda, sauti ya mtu, vyote!

Basi wakawa wajanja. Santuri ya kasi ya 33 waliipiga kwa kasi ya 45 wakati wa kunasa, ili sauti iwe fupi na ile nafasi ndogo, halafu wakaishusha tena ndani ya mashine. Ubora ulipungua, na ule ukwaruzaji ukawa sehemu ya ladha. Mtu yeyote aliyewahi kubana programu iingie katika simu ya bei rahisi anaijua raha hiyo.

Na kipande walichokinasa kuliko vyote? Ni ngoma za wimbo mmoja wa mwaka 1969, Amen, Brother wa bendi ya The Winstons ya Marekani. Katikati ya wimbo wenzake wananyamaza, na mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa vipimo vinne. Karibu sekunde 7. Sekunde hizo zikaharakishwa, zikakatwakatwa, zikapangwa upya. Zimo katika maelfu ya nyimbo, na DnB kama tunavyoijua isingekuwepo bila hizo. Zimo katika nyimbo zangu pia. Nilizipakua bure nikiwa chuoni, faili ya KB mia chache, wala sikujiuliza ni za nani.

Litungu

Sasa tuje Bungoma. Desemba 2021 nilikwenda kwa wajomba zangu, upande wa Chwele, kwenye matanga. Kutoka Kitale unapanda matatu, unapita Kiminini, Kamukuywa unakata kuelekea Kimilili, halafu Chwele. Wanaotoka kwetu wanajua kwamba mkesha wa matanga bila muziki ni nadra. Binamu yangu ni DJ wa disco matanga: spika nne, amplifaya moja, jenereta inayokohoa. Serikali imeshazipiga marufuku disko hizo mara kadhaa, na bado zinarudi.

Usiku ule jenereta ilizima kama saa saba. Gizani, mzee mmoja jirani akatoa litungu lake. Kwa wasiolijua, ni kinanda cha nyuzi saba cha sisi Wabukusu. Mzee alipiga polepole, na vijana waliokuwa wakiruka dakika tano zilizopita wakatulia. Nilimuuliza kama naweza kurekodi kwa simu. Akaitikia kwa kichwa. Nikarekodi dakika kumi na moja.

Jina lake sikuuliza.

Nilirudi Kitale nikakata sekunde nane za litungu lile, nikazisafisha kwa Audacity na kuziweka juu ya ngoma za mapigo 174. Jamani! Litungu lilikaa kwenye 87 bila kusukumwa, kana kwamba limekuwa likisubiri. Lilifanya kazi ileile ambayo piano inafanya katika nyimbo za Bukem. Mwaka 2022 niliuweka wimbo mtandaoni kwa jina langu. Mwaka 2023 kampuni moja ndogo ikaniandikia ikitaka kuutumia mwanzoni mwa programu yake ya simu. Walinilipa shilingi 15,000. Nilinunua RAM, na zilizobaki nikala nyama choma na marafiki. Nilikuwa na furaha sana, na nilimwambia kila mtu, isipokuwa mzee.

Kilichonizindua

Mwaka 2024 MC Conrad alifariki. Kwa huzuni nikakesha nikisikiliza rekodi za Progression Sessions na kusoma historia ya muziki huu tangu mwanzo, na ndipo nikafika kwa Coleman. Alifariki mwaka 2006 huko Atlanta akiwa hana makao. Hakuwahi kulipwa chochote kwa zile sekunde saba. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, aliyekuwa na haki za wimbo, hakujua kabisa kwamba zinatumika hadi mwaka 1996. Mwaka 2015 mashabiki Uingereza walimchangia Spencer karibu pauni 24,000 kwa hiari. Naye alifariki mwaka 2020.

Nilifunga laptopu. Nikaifungua tena. Katika skrini kulikuwa na kazi ya ofisini niliyoiacha jioni, na katika folda yake faili ya LICENSE. Sisi watengenezaji wa programu tunaijua faili hiyo. Unachukua maktaba ya chanzo huria, pengine mistari arobaini iliyoandikwa na mtu wa Norway ambaye hutawahi kumwona, na leseni kama ile ya MIT inakwambia: tumia, badilisha, uza ukitaka, lakini tangazo la haki lenye jina la mwenyewe libaki. Na mimi huwa mkali juu ya hilo. Nimewahi kumrudishia msimbo kijana wa mazoezi kwa sababu alifuta tangazo hilo. Na ukitumia Git, kuna amri moja tu inayokuonyesha kila mstari aliuandika nani na lini.

Mtu wa Norway nilimtunza. Mzee wa Chwele, ambaye naweza kumfikia kwa matatu, nilimla.

Kuna atakayesema kwamba aliniruhusu kurekodi. Ndiyo, aliniruhusu kurekodi. Kuruhusiwa kusoma msimbo si kuruhusiwa kuuza. Hilo ningemfundisha mtu yeyote darasani kwa dakika mbili.

Safari ya Agosti

Nilikwenda Agosti 2024. Mwaka wa shufwa kwetu ni mwaka wa tohara, kwa hiyo njia nzima kulikuwa na wavulana wakicheza chinyimba, zile kengele za chuma, wakiwaalika jamaa zao. (Nikajikuta nahesabu kasi ya chinyimba. Ugonjwa huu hauponi.) Nilimkuta mzee nje ya nyumba, pamoja na mwanawe na mjukuu wake wa kidato cha pili. Baada ya salamu na chai nilimwambia, "Kuka, nimekuja kwa sababu ya kitu nilichokichukua kwako." Kuka ndivyo tunavyowaita mababu.

Nikamvalisha spika za masikioni. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Hizi ngoma zinakimbizwa na nani?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo wote waliozibwa masikio.

Sikujibu, kwa sababu nilikuwa natazama mguu wake. Mguu ulikuwa unagonga ardhi, polepole, mara moja kwa kila mapigo mawili. Themanini na saba. Nimewahi kujaribu kuwaeleza marafiki zangu wasomi jambo hilo kwa mchoro, wakashindwa.

Mjukuu ndiye alikuwa ameshika simu. Nilikuwa nimempigia kwanza kile kipande chake kikiwa peke yake, halafu wimbo mzima. Yule binti akasoma kwenye skrini: "Kuka, hapa kumeandikwa mzee, sampuli, sufuri tatu."

Mzee akatoa spika masikioni. "Sufuri tatu? Wale wazee wawili wa kwanza ni akina nani?"

Tulicheka wote, mimi kidogo kuliko wengine. Halafu akaacha kucheka. "Mimi nina jina."

Nikamwambia kila kitu, pamoja na zile 15,000. Mwanawe akaruka. "Mzee, dai zote! Bila wewe huyu angekuwa na nini?" Mzee akamtuliza kwa mkono. "Kwani ngoma nimepiga mimi? Nusu inatosha."

Hapo ningeweza kunyamaza, nikalipa nusu, nikarudi Kitale nikiwa mtu mwema. Lakini zile ngoma si zangu. Nikawaeleza habari za Coleman, wimbo wa mwaka 1969, zile sekunde saba, na alivyokufa. Mzee alisikiliza huku akikaza uzi mmoja wa litungu.

"Yeye alipata nusu?"

"Hakupata kitu, Kuka."

Akatikisa kichwa. "Basi naye mwandike."

Nilikuwa na 5,000 mfukoni, nikampa. Zile 2,500 nilituma kwa M-Pesa siku tatu baadaye, mshahara ulipoingia. Tuliandikiana katika daftari la mjukuu kwamba kitakachopatikana tena kutokana na wimbo huo tutagawana, yeye na mimi. Binti akasoma kwa sauti, mzee akatia sahihi. Pia aliniagiza nyuzi mpya. Nimeshampelekea.

Sasa wimbo una majina matatu: langu, la mzee, na Gregory Coleman, ngoma. Hapa sitaliandika jina la mzee, kwa sababu aliniruhusu liwe kwenye wimbo, na kuhusu ukurasa huu sijamuuliza. Safari hii nauliza kwanza.

Mambo hayajaisha vizuri yote. Niliiandikia ile kampuni waongeze majina. Walijibu kwa adabu kwamba watafanya hivyo katika toleo lijalo. Yametoka matoleo mawili tangu hapo na bado lipo jina langu peke yangu. Nitawaandikia tena Jumatatu. Na familia ya Coleman sijui hata pa kuanzia, na kuandika jina lake si kulipa, hilo nalielewa.

Nilichoweza kufanya jana usiku ni kidogo. Nilifungua folda ya nyimbo zangu, faili 212, nikaanza kuzipitia moja moja: hii sauti ni ya nani, hii ngoma niliitoa wapi, huyu mama anayeimba nilimrekodi soko gani. Nimefika ya 60. Nimeweka faili ya MAJINA katika kila wimbo, kama vile LICENSE. Nyimbo tisa zina vipande ambavyo sikumbuki kabisa vilitoka wapi, na hizo nimezitoa mtandaoni kwa sasa. Moja kati yake ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Hifadhidata, sehemu ya pili, inakuja wiki ijayo. Kweli safari hii.